Mshumaa wa Mama Safta

Kutoka Turin, Italia, hadi Bacău, kwao Romania, ni saa mbili na nusu kwa ndege, na Aglaia alijivunia mwendo huo kama mali yake. Miaka yote aliyokuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiitalia, kila alipopiga simu kijijini alimliwaza mama yake kwa maneno hayohayo: asihuzunike, wao ni majirani tu, saa mbili na nusu. Mama Safta, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani, akawatambia wanawake wa kanisani kwamba binti yake yu karibu kuliko mabinti zao walioolewa kijiji cha pili. Maskini, aliamini. Krismasi zilikuja zikapita bila Aglaia kuonekana, kwa kuwa Bibi Ornella, kikongwe aliyetunzwa naye, hakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani.

Mwezi wa Januari kaka yake, Ilie, akapiga simu.

"Dada, pumzi za mama zinakatika. Mshumaa uko hapa. Niwashe?"

Kwao, anayekata roho hushikishwa mshumaa unaowaka. Akifa bila mwanga, huko aendako atapapasa gizani, na baadaye hata mishumaa mia haimfai kitu. Mama Safta alikiogopa kifo cha giza kuliko kifo chenyewe. Lakini kuwasha mshumaa ni kumpa mtu ruhusa aende, na ruhusa hiyo Aglaia hakutaka itoke mkononi mwa mwingine.

"Usiwashe bado. Nitamshikisha mimi. Ndege ya asubuhi nimeshapata. Ni saa mbili na nusu tu, Ilie."

"Usinicheleweshe, dada. Anautazama mlango."

"Nimesema nakuja."

Kilikuwa kiburi, na kiburi kinachotokana na mapenzi hakina dawa. Ndege iliondoka kwa wakati, ikafika kwa wakati, ikakuta ukungu umeufunika uwanja wote. Ikazunguka weee, kisha rubani akatangaza kwamba wanageuza kwenda Bucharest. Aglaia akamshika mhudumu mkono, akamsihi kana kwamba ndege ni basi la kusimamishwa njiani. Chini yake, ndani ya weupe ule, ilikuwapo nyumba yao. Huko Bucharest akapanda basi la kurudi kaskazini, akapiga simu njia nzima, isipokelewe.

Alipoingia, majirani walikuwa wameshafunika vioo vya kujitazamia, kama ifanywavyo kwao penye maiti. Mama alikuwa amelazwa mezani, mikono kifuani. Mshumaa ulikuwa dirishani, utambi wake ungali mweupe. Ilie hakuinuka kumpokea.

"Kiberiti nilikuwa nacho mkononi," alisema. "Nikasikia ndege inapita juu yetu. Nikamwambia, mama, huyo mwanao kafika. Nikakiweka chini, nikatoka kukufungulia lango."