Marek Anaikala Avenyu Gani?

Mke wangu alikuwa na kuku kumi na wanane nyuma ya nyumba yetu hapa Kikula, na jogoo wake akiwika, nina hakika, maji ya Mwadingusha yalishtuka bwawani. Kila asubuhi aliwasalimia kuku kwanza. Mimi nilingoja zamu yangu.

Siku moja mtetea mmoja hakuinuka. Alilala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mwanasarakasi aliyesahau namna ya kurudi. Mimi, mwenye diploma ya shule ya jioni, nikatangaza: amevunjika. Nikamfunga vijiti kwa waya wa umeme, kazi safi ya kushangaza hospitali zote za Katanga. Wiki ileile wakalala wengine wawili vilevile. Hapo hata diploma ikanyamaza.

Daktari wa mifugo hakuvitazama vijiti vyangu. Alilifungua jicho la kuku kuelekea jua: lilikuwa la kijivu, mboni imekunjamana.

"Nafikiri ni Marek. Dawa haiko. Chanjo ni ya kifaranga wa siku moja tu. Hawa wengine wanaweza kuonekana bazima na bado wakabeba ugonjwa maisha yote. Unatembea na vumbi la manyoya. Usimpe kuku wako mtu mwenye kuku."

Na mama mkwe alikuwa ametoka Mulungwishi na kikapu, kuchukua mitetea watatu niliomwahidi, akawachanganye na kuku wake anaowapenda kuliko kwaya ya kanisa! Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Maneno hupitia kwa mke. Basi nikauambia ukuta, mke akisikia: "Mwambie mama, Marek ameingia hapa."

Nikamsikia mama mkwe jikoni:

"Marek? Anaikala avenyu gani?"

"Sijue, mama. Daktari njo anamujua."

"Na kuku zetu zilimukosea nini?"

Jioni ile mama mkwe alimkemea Marek kwa maombi, mabati yakataka kuruka. Nikatuma ujumbe wa pili, kwamba si mtu, ni maradhi: Marek ni bugonjwa. Ukafika jikoni "Marek ni mugonjwa". Maskini, akamhurumia, akamwombea apone.

Asubuhi ya safari nikamkuta amewafunga miguu mitetea watatu, macho yanang'aa, afya tele. Mke alikuwa ameenda kuchota maji. Gari halingoji. Akilini nikawaona kuku wa Mulungwishi, mmoja mmoja, wakilala mguu mbele, mguu nyuma. Nikasimama mlangoni, macho chini, jasho likinitoka kama mto Lufira.

"Mama, miye naomba radhi. Hawa kuku hawatatoka. Bataua kuku zako. Marek haiko muntu, ni bugonjwa ya kuku."

Nilingoja laana ya vizazi saba.

"Kumbe mukwe iko na sauti," akasema. "Miaka tisa nilifikiri niliozesha mutoto kwa bubu."

Akaweka kikapu chini. "Na muntu akikula, anagonjwa?"

"Hapana, mama. Nilimuuliza daktari."

"Basi leta kisu."

Gari likaondoka bila yeye. Alifua nguo zake zote, akasugua viatu kwa sabuni asibebe vumbi, na kikapu akatuachia. Kuku waliobaki wanaishi nasi mpaka leo. Kifaranga asiye na chanjo haingii kwetu, na wetu hawatoki. Siku hiyo mama mkwe alikula bukari, ugali wetu, na kuku jikoni, mimi sebuleni, kama desturi inavyotaka. Mke wangu akanyanyuka kupeleka maneno, lakini sauti ilimpita ikivuka ukuta peke yake:

"Mukwe! Firigisi ni yako ao ni yangu?"