Nilivyofika ukweni usiku na baiskeli, nimejitanda shuka la mama mkwe

Wakuu, natumaini mko vizuri humu ndani. Hiki kisa ni changu mwenyewe na sikitii chumvi, maana kilishakolea.

Mimi ni mtu wa Makere. Mwaka jana nilikuwa naposa binti wa kijiji kimoja karibu na Kasulu mjini. Nilikuwa nimependa vibaya mno, mpaka mbuzi wa watu nilikuwa nawasalimia.

Sasa kwetu Waha posa haizungumzwi koo zikiwa kavu. Baba mdogo na mshenga walitangulia asubuhi, mimi nikabaki kusubiri pombe ya ndizi iive. Baba mdogo alinionya kabisa: "Wazee wa kule hawana dogo. Pombe isipofika leo wanatawanyika, na binti anaenda kwa yule mwingine."

Ndiyo, kulikuwa na yule mwingine. Ana pikipiki, mshenzi.

Pombe ikachelewa. Nikafunga dumu lake kwenye keria ya baiskeli, juu yake zawadi ya mama mkwe, shuka jeupe jipya, nikaondoka naimba. Giza likanikuta njiani. Sikujali, mbele nina tochi, nyuma nina reflekta.

Kumbe dumu limeifunika reflekta yote!

Fuso likaja nyuma, dereva hana habari kama kuna mtu. Kaja kuniona na kupiga honi liko mgongoni. Nikajitupa mtaroni na baiskeli yangu.

Wakuu, nikaanza kucheka peke yangu kama chizi. Dumu zima! Mimi mzima!

Lakini kurudi ni kumwachia mke yule wa pikipiki. Nikafungua lile shuka, nikajitanda mgongo mzima, ncha nikazichomekea zisiingie kwenye spoku. Gari lililofuata likapunguza mwendo kutokea mbali, likanipita kwa adabu zote.

Kufika ukweni, watoto wakatimua mbio. Baba mdogo akashika kichwa: "We kijana! Nguo ya mama mkwe unaivaa wewe?"

Jamani aibu! Shuka limejaa vumbi na jasho.

Mama mkwe akauliza kulikoni, nikamweleza habari ya Fuso. Akalipokea shuka kwa mikono miwili, akalikung'uta.

"Nguo inafuliwa. Huyu angesagwa na gari huko, ningemfua? Mpeni kiti mkwe wangu."

Kaniita mkwe! Hata mahari haijatajwa! Nusura niruke na hicho kiti.

Nilichojifunza: ukishafunga mzigo, zunguka nyuma uangalie kama taa na reflekta zinaonekana. Vaa kitu cheupe mgongoni. Ukisikia gari, kaa pembeni, usishindane nalo.

Haya, na nyie leteni yenu, mnaopanda baiskeli usiku mnaonekanaje?

Mke wangu anasoma hapa begani. Anasema nimesahau kuandika kwamba yeye alikuwa jikoni analia, akidhani nimeshagongwa kwa jinsi nilivyochelewa.

Sikujua hilo wakuu. Ndiyo kwanza naambiwa leo.