Punje ya Marisau

Juzi, kwenye soko la mitumba hapa Scarborough, niliona ganda la risasi la shaba, nene kama kidole gumba cha Baba. Nikalinusa. Halikuwa na harufu yoyote, lakini niliiona meza yetu ya jikoni.

Baba alihamia Kanada na bunduki moja tu, ya kupigia mbogo, aliyorithi kwa babu kule Tabora. Ili awindie sungura, alijaza maganda mwenyewe, akiweka marisau, vile vipunje vidogo, badala ya risasi kubwa.

"Risasi ya mbogo kwa sungura?" alimwambia Mama. "Utapika nini, manyoya?"

"Toa baruti yako mezani," Mama akajibu. "Nataka kukanda chapati."

Kwetu, mtoto aliyeuma punje ya marisau kwenye nyama hakuosha vyombo siku hiyo. Kwa hiyo niliamini kazi yote ile, na ile harufu kali, na marisau yakimiminika kama uwele, ilikuwa ya kunipumzisha mimi.

Jumamosi moja Baba alirudi alasiri, viatu vimejaa theluji, mikono mitupu. Mama akakaanga kuku wa dukani. Tulikula, mpaka meno yangu yakagonga kitu kigumu.

"Marisau," nikasema. "Baba, kumbe ulimpata sungura."

Mama alimtazama Baba. Baba aliinamia sahani, mabega yakimtikisika kwa kicheko, kisha akakunja mikono ya shati akaenda kuosha vyombo.

Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza yule kuku wa dukani alipigwa na bunduki gani.