Ule Ukimya Baada ya Paukwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu ubao. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana mnaoingia ualimu leo mnadhani sisi wazee tulizaliwa tunajua, na mkikosea kidogo mnakwenda kulia chooni. Mie nilikosea mbele ya darasa zima. Ilikuwa skuli ya msingi ya Stratford, ughaibuni kwa Waingereza, nami nilikuwa mwalimu mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza ualimu huku anafundisha, kwa umri ambao kwetu Unguja wenzangu walikuwa wameshaanza kuitwa bibi. Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika jina langu kubwa kubwa kwenye ubao mweupe: Mwalimu Zuwena. Watoto wakashika vinywa. Kumbe ule haukuwa ubao wa kuandikwa. Ulikuwa ubao wa kugusa, umeungwa na kompyuta, unaufungua kwa kidole na picha zinakuja.

Mwalimu Mkuu, mama wa Kiayalandi asiyepandisha sauti hata siku moja, alikuwa amesimama mlangoni.

"Angalau sasa sote tunalijua jina lako," alisema, akanipa kitambaa.

Wino haukutoka wote. Muhula mzima nilifundisha hesabu juu ya kivuli cha jina langu mwenyewe.

Kila mwanagenzi hupewa mwalimu mzoefu wa kumwongoza, ndiye Mwalimu Mlezi. Wangu alikuwa kijana wa Kihindi kutoka mtaa wa Harrow, wazee wake watu wa Mombasa, na yeye ni rika la mwanangu wa kwanza. Aliniita Anti, kwa heshima zote, halafu akanikosoa kwa heshima hiyo hiyo mpaka masikio yakaniwaka moto. Siwafichi, iliniuma. Kufundishwa na mtoto ambaye ungeweza kumzaa kunataka moyo. Lakini kuuliza si ujinga, na mie niliuliza mpaka akachoka yeye.

Alinifunza kuunyoosha ubao kila asubuhi: unagusa alama moja moja mpaka kidole na picha vikubaliane, la sivyo unagusa huku mstari unatokea kule. Alinifunza tableti, ambazo huko nyumbani siku hizi mnaziita vishikwambi. Zaidi ya yote alinifunza kurekodi hadithi ili kila mtoto avae hedifoni asikilize kwa kasi yake. Ukirekodi, sauti yako inajichora kwenye kioo: unaposema kunainuka vilima, unaponyamaza panabaki mstari mtupu.

"Huo mstari mtupu ndio adui yetu, Anti," aliniambia. "Mtoto wa miaka sita ukimwachia ukimya, keshakuacha. Kata."

Nikawa nakata. Wallahi nilikuwa nakata kama fundi cherehani.

Sasa, katika darasa lile alikuwamo Rukia. Mtoto wa watu wa Pemba, macho makubwa, sare imepigwa pasi, na tangu aanze skuli hajatoa neno. Si Kiingereza, si Kiswahili, si chochote. Ukiita jina lake kwenye orodha ya asubuhi anainua mkono tu. Ukiuliza swali wenzake wanaruka kama popkoni, "Miss! Miss! Me!", yeye anakutazama. Walimu walikuwa wamekwisha amua kwamba hajui Kiingereza, na pengine akili yake ni nzito. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akanieleza: Ijumaa kutakuwa na mkutano na mama yake, na skuli itapendekeza mtoto ahamishiwe kitengo maalumu, kwenye skuli nyingine, mbali na wenzake.

"Sifurahii," alisema. "Lakini siwezi kumfundisha mtoto nisiyemsikia."

Vitengo vile vimewasaidia watoto wengi, sivitukani. Ila nilimtazama yule mtoto moyo ukakataa.

Jioni nilimngoja mama yake getini. Alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, bado amevaa sare yake, na nilipomwamkia kwa Kiswahili alikaribia kunikumbatia.

"Da Zuwena, huyu nyumbani kinywa hakifungi! Anasema na televisheni, anasema na friji."

"Kwa lugha gani?"

"Mie namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Ndio watoto wa hapa. Ila bibi yake kamfunza adabu, asidakie maneno ya wakubwa. Asubiri mpaka aulizwe yeye."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Lilipita sikio hili likatokea lile.

Siku mbili kabla ya mkutano nilijifungia stoo ya vitabu kurekodi hadithi ya wiki. Niliitunga mwenyewe, habari za paka wa Kilburn, mtaa niliokuwa nikiishi, aliyepanda treni bila tiketi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Lakini nilipobonyeza kile kitufe chekundu ulimi ukaniponyoka, nikaanza kama nilivyoanziwa mie utotoni:

"Paukwa!"

Halafu nikanyamaza. Nikakaa kimya peke yangu, baina ya mafagio na maboksi, nikingoja kuitikiwa! Mazoea yana taabu. Nilipoona hakuna wa kuitika nikacheka, nikaendelea na paka wangu.

Nilipompa Mwalimu Mlezi ile rekodi, akaifungua pale pale.

"Anti, hapa mwanzoni pana shimo."

"Si shimo. Hapo ndipo mtoto anaitika pakawa."

"Nani atamwambia aitike? Hawajui. Kata."

"Sikati."

Nilijishangaa mwenyewe. Muhula mzima nilikuwa natii kama kondoo. Nikamwambia kwamba kusema paukwa ukaendelea bila kungoja ni sawa na kubisha hodi ukaingia kabla hujakaribishwa. Hiyo si hadithi, huo ni uvamizi.

"Na Msimamizi wa chuo akija kukukagua utamwambia nini?"

"Nitamwambia haraka haraka haina baraka."

Alinitazama, midomo inamcheza. "Bibi yangu husema hivyo hivyo," alisema, akachukua mkoba wake akaondoka, wala hatukuelewana.

Kesho yake alinijia mapema, koti hajavua. "Jana nimemwambia bibi 'paukwa'," alisema. "Yupo jikoni, masikio yenyewe mazito. Hakugeuka hata kunitazama. 'Pakawa!' Halafu akakaa akaningoja nimhadithie, na mie hadithi sina." Akakuna kichwa. "Acha hilo shimo lako, Anti."

Tukagawa tableti na hedifoni. Watoto wakatulia. Mie nikapita nyuma ya viti, najifanya nakagua waya, kumbe jicho liko kwa Rukia. Nikaona kidole chake kinabonyeza. Nikaona uso unashtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Halafu:

"PAKAWA!"

Mtume! Mnajua mtoto akivaa hedifoni hasikii sauti yake mwenyewe. Alipiga ukelele mpaka Mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Watoto wote wakageuka. Na yeye wala hana habari. Anamsikiliza paka, miguu inaning'inia.

Hapo ndipo yale maneno ya mama yake yaliponirudia yote. Asubiri mpaka aulizwe yeye. Masikini ya Mungu, mtoto alikuwa anangoja zamu yake! Tangu aanze skuli hakuna aliyemwachia. Sisi tukiuliza tunaliuliza darasa zima, wenye mbio wanadakia, tunaendelea. Nilikwenda stoo nikalia, kisha nikanawa uso.

Nikarudi nikapiga magoti mbele ya Rukia, nikamwonesha kitufe chekundu. Sikumsifu, sikumpigia makofi. Mtoto wa namna ile ukimsherehekea unamfukuza. Nilimwambia taratibu kwa Kiswahili: "Mie nimemaliza hadithi yangu. Sasa zamu yako, na hapana atakayekudakia." Nikaondoka.

Ijumaa, ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mama Rukia alikaa ncha ya kiti. Kabla Mwalimu Mkuu hajafungua faili, Mwalimu Mlezi aliweka tableti mezani akabonyeza. Kikatoka kisauti: "Paukwa!" Kisha ukimya. Mama Rukia akaitika kwa kunong'ona, "Pakawa," machozi yanamtoka. Na tableti ikaendelea, hadithi ya yule paka tangu mwanzo, imeongezwa mbwa na askari wa treni, kwa Kiingereza cha Stratford kilichonyooka kuliko changu mie mwenye cheti.

Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Akalisukuma pembeni faili ambalo hakulifungua.

"Basi atabaki," alisema. "Na nyote mtaanza kungoja. Mimi wa kwanza."

Nilifaulu, kama mnataka kujua. Msimamizi wa chuo aliandika kwamba rekodi zangu zina mapengo. Nilipangiwa Kilburn, chini ya Mwalimu Mkuu aliyependa mashine kuliko watu, na baadaye Harrow, nilikomalizia kazi. Nimeona ubao wa kugusa ukawa wa kizamani, nimeona programu inayosahihisha mtoto kabla hajakosea. Sizichukii. Nyingine nzuri mno. Nilichowaomba walimu wachanga niliopewa kuwalea ni kimoja, na walinichoka kwa kukirudia: mkibonyeza kitufe, mwachieni mtoto nafasi.

Siku ya kuagwa walinipa keki na maua. Nikapanda treni kurudi nyumbani, maua mapajani, nimejaa huzuni, sitaki kudanganya. Unajiuliza umefanya nini miaka yote hiyo. Simu ikalia. Ujumbe wa Rukia, ambaye sasa ni msichana mkubwa, mwaka wake wa kwanza chuo cha ualimu. Hakuandika salamu wala maelezo, ila maneno haya tu: "Bi Zuwena, hii ndiyo rekodi yangu ya kwanza ya darasani. Mlezi wangu anataka nikate mwanzo. Sikiliza uniambie."

Nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

"Paukwa!" ilisema ile sauti, sasa ya mtu mzima.

Kisha ukimya. Mrefu, mtupu, haukukatwa.

"PAKAWA!" niliitika, na behewa zima likageuka kunitazama.