Kibuyu cha Janga

Harufu ya moshi ulioganda kwenye kibuyu naijua hata gizani. Juzi, likizoni kutoka chuo kikuu, niliingia jikoni kwa mama hapa Msimbu, nikaisikia, na mara nikarudi mwaka ule wa njaa.

Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, akitafuta pesa za kodi ya kichwa. Jua lilikuwa limekausha hata mihogo. Tulikula ndiga, kiazi cha porini ambacho mama alikiloweka mtoni mpaka sumu itoke. Mdogo wangu Hawa hakuweza tena kukimeza. Alilala jamvini, macho yamemjaa uso. Na juu ya mafiga, katika moshi, kilining'inia kibuyu cha mbegu ya mtama iliyochanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa udongo.

Majirani walinipachika jina la "Kwanini", na sikuwaangusha. Nilimuuliza mama kwa nini mbegu ilale imeshiba majivu na Hawa alale na njaa. Akasema mbegu hailiwi. Nikamuuliza nani ataipanda tukifa. Siku nyingine angenifinya. Siku ile alitazama pembeni.

Jioni moja Hawa aliomba uji. Mama alikishusha kibuyu, akakipakata. Nilikimbilia kuchochea moto. Kucha zake zilikwaruza ule udongo mpaka shingoni mwa kibuyu, kisha zikatulia.

"Pika, mama," nikasema.

"Si chetu, mwanangu."

Akakirudisha kwenye moshi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Hawa tulimzika kabla ya mvua.

Mawingu yalipofunga, alikuja kwa miguu Bi Tatu wa kijiji cha Janga, aliyechezwa mwali, yaani unyago wa wasichana, pamoja na mama. Alibeba kibuyu, udongo wake haujaguswa. Safari iliyopita alikuja na mtoto mgongoni. Safari hii mgongo ulikuwa mtupu. Walibadilishana vibuyu, wakalia bila sauti, kisha wakashika majembe.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba tangu usichana wao kila mmoja alimtunzia mwenzake mbegu. Walijua mtoto akilia mtu atakula cha kwake, lakini amana hailiwi.

Chuoni nimefundishwa jinsi mbegu inavyoota. Juzi nilimuuliza mama kama walifanya sawa. Alikuwa akikiziba kwa udongo mbichi kibuyu kile kile cha Janga, ambacho hurudi kwetu kila baada ya mavuno, na kidole chake kilipofika kwenye ile mikwaruzo ya shingoni, kilisimama.