Kugeuka Chini ya Kamba

Siku hizi mpwa wangu akiogelea mashindano, watangazaji wa redio hawaanzi kwa kusifu mikono yake. Wanasifu anavyogeuka ukutani. Nikisikia hivyo kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, sokoni Kashikishi, Nchelenge, kando ya ziwa, huweka bisibisi chini nicheke kwanza. Wateja hudhani nimegundua jambo baya ndani ya simu zao. Amekuwa bingwa wa taifa mara nyingi, ameogelea katika nchi ambazo mimi nazijua kwa ramani tu, na bado nikimfikiria namwona akizama chini ya kamba, kwa uhakika wote, mbele ya umati, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo.

Mimi sikusoma sana. Nilivuka ziwa kutoka Kongo nikiwa kijana, shule ikabaki ng'ambo, na tangu hapo nimejifundisha mambo kwa utaratibu: nanunua kitabu, nakisoma mara mbili, naandika muhtasari, kisha najaribu. Ndivyo nilivyojifunza redio, simu na umeme wa jua. Kitabu cha kuogelea nilikikuta kwa mama muuza vitumbua, akikichana kurasa za kufungia. Kilikuwa cha Kifaransa, kikuukuu, chenye michoro ya watu waliovaa kofia za mpira. Nilikiokoa kikiwa kimekwisha kuliwa kuanzia nyuma. Kuondoka, kupumua, mkono, mguu, vyote vilikuwepo. Sura ya kugeuka ilikuwa imekwenda na vitumbua.

Nilikitaka kwa sababu ya mpwa wangu huyo. Ni binti wa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa zetu kwetu Kongo. Baba yake ni mvuvi wa ufukwe wa Kafutuma. Siku moja, akiwa na miaka kumi na moja, baba yake alimwacha ufukweni kwa kusahau. Yeye akaingia majini kuufuata mtumbwi. Niliona kwa macho yangu: aliufikia, akaupita, akageuka kuwangoja. Wanaume wawili waliokuwa wakipiga kasia waliacha makasia wakamtazama.

Nikaanza kazi. Kwanza niliwauliza wavuvi mahali ambapo mamba hawaji, wakanionyesha kijighuba cha mawe karibu na mahali zinapopakiwa boti za kwenda Mununga na Puta, kwenye kelele nyingi za injini. Nilipachunguza miezi mitatu kabla ya kumruhusu aingie. Kisha nikatia nanga mitumbwi miwili ya zamani, na kati yake nikavuta kamba yenye maboya ya nyavu, mita hamsini, niliyoipima mara mbili. Kitabu kilisema mabwawa ya mashindano hugawanywa kwa kamba za maboya, nami nilijivunia sana kamba yangu.

Kuhusu sura iliyokosekana, nilifikiri. Muogeleaji anakwenda pembeni mwa kamba. Akifika mwisho lazima arudi. Kamba ina pande mbili. Basi ni wazi kwamba anakwenda upande huu na kurudi upande ule. La sivyo kamba ni ya nini? Nikaandika katika daftari: "Mwisho wa kamba: zama, pita chini, rudi upande wa pili." Tulilifanyia mazoezi jambo hilo miaka minne. Alipita chini ya kamba ile kama mtu anayeinama kuingia mlangoni kwake.

Mtu atauliza kwa nini sikutazama video, na mimi ni fundi simu. Nilitazama. Mtandao wetu ulionyesha waogeleaji wakiruka, kisha kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha washindi wakakumbatiana.

Habari ikaja kwamba Lusaka wanachagua wasichana wa timu ya vijana. Katika kila shindano wawili wa kwanza wangechukuliwa, wapewe nafasi katika shule ya bweni yenye bwawa. Yaya hakupenda. Yeye hununua samaki ufukweni na kuwauza ng'ambo, na binti huyo ndiye mkono wake wa kulia.

"Safari moja tu, mudogo," aliniambia. "Mi mwenyewe niko naenda na yeye. Bakimukataa, anarudia kwenye samaki, na ku maji ni kuoga tu. Na ile kitabu yako, naiwashia moto."

"Kitabu hakina kosa, yaya."

"Kitabu yenye imeliwa na vitumbua! Iko na akili gani?"

Tulisafiri siku nzima kwa basi. Kesho yake tukawa mbele ya bwawa la mita hamsini, la buluu kiasi kwamba yaya aliuliza kama wameweka dawa ya kufulia. Mpwa wangu alitazama kamba, nyingi, zimenyooka, akatabasamu kwangu. Kamba alizijua.

Shindano lake la kwanza lilikuwa mita mia mbili. Filimbi ilipolia aliruka kama nilivyomfundisha kutoka pua ya mtumbwi, na kufikia katikati ya bwawa alikuwa amewaacha wenzake kwa urefu wa mwili. Yaya alisimama juu ya kiti.

"Batu, muangalie! Nimezala samaki!"

Mpwa wangu akafika mwisho. Akazama, akapita chini ya kamba vizuri kabisa, akaibukia katika njia ya jirani, akaanza kurudi.

Msichana mwenye njia hiyo alikuwa bado anakuja. Walikutana uso kwa uso. Yule mtoto wa watu aliishika kamba, akapiga kelele, "Toka kwangu wewe!" kwa Kibemba, maji yakamwingia mdomoni. Wangu aliinua kichwa, akasema kwa heshima, "Samahani, pita kushoto," akaendelea. Upande wa pili alizama tena, akarudi katika njia yake. Mwisho wa tatu, tena kwa jirani. Sasa watu wote walikuwa wamesimama, wengine wanalia kwa kicheko, na yaya, ambaye alidhani ni shangwe, alikuwa akiwapungia mkono.

Alimaliza wa kwanza, mbali sana. Akainua mkono. Hakuna aliyemwinulia.

Mwamuzi, mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe, alinieleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kibemba alipoona sijaamini. Mtoto ameondolewa. Muogeleaji anabaki katika njia yake; anagusa ukuta, anarudi palepale. Tena, kwa kuwa jirani amezuiwa, shindano zima litarudiwa bila sisi.

"Na kamba ni ya nini?" nilimuuliza.

"Ya kuwatenganisha," alisema.

Jambo lile lilikuwa na mantiki. Niliona aibu kutoka kisogoni mpaka magotini.

"Yama," mpwa wangu alisema, kama Wabemba wanavyomwita mjomba, "mi nilifanya vile ulinifundisha."

"Ulifanya sawasawa. Nilikufundisha upuuzi."

Yaya alikuwa ameshuka. Nilingoja anivunje. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ule mutoto wa batu," alisema akishindwa kupumua, "alimwona huyu anakuya kama mamba!" Kisha akakumbuka hasira yake. "Bon. Imebakia ngapi?"

Ilibaki moja, mita mia, yenye kugeuka mara moja tu. Na kwa kuwa marudio ya shindano tuliloliharibu yangefanyika kwanza, tulikuwa na muda wa karibu saa nzima. Nilisimama ukingoni wakati wa marudio hayo, nikaandika kila nilichoona. Wengine walijikunja kama mpira na kuupiga ukuta kwa miguu; hilo halifundishiki kwa saa moja. Lakini msichana mmoja aligusa kwa mkono, akavuta magoti, akaweka nyayo ukutani, akasukuma. Nilimuuliza mwamuzi kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa.

Bwawa halikuwa huru, kwa hiyo tulikwenda nyuma ya stoo, penye sakafu laini ya saruji. Yaya alitandika kitenge chake cha pili, mpwa akalala kifudifudi juu yake. Nikahesabu: mkono, magoti, nyayo, sukuma. Alisukuma ukuta wa stoo, kitenge kikateleza, akakwaruza kiwiko.

"Ukuta iko mugumu sana," yaya alisema. "Ngoja." Akaegemea ukuta, akapanga miguu. "Mi ndiye ukuta. Njoo."

"Mama, nitakuumiza."

"Nilikubeba miezi tisa ukinipiga mateke. Njoo!"

Akaja. Akagusa goti la mama yake, akavuta magoti, akaweka nyayo kwenye mapaja, akasukuma. Kitenge kikaondoka kama boti, na ukuta ukateleza chini ukakaa sakafuni, miguu imenyooka, kilemba machoni. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Yaya alimwambia, "Tuko kwenye mazoezi, baba," akainuka, akapanga miguu tena. Tulifanya mara thelathini na moja. Niliandika kila moja. Yaya alianguka mara tisa.

Tulipoitwa, nilimwambia mpwa wangu jambo moja tu: "Kamba usiiguse."

Aliondoka vizuri. Alifika ukutani akiwa wa kwanza, akagusa, na hapo kwa dakika niliyodhani haitaisha alikunja magoti kama anayetafuta kiti gizani. Wanne walijikunja, wakapiga ukuta, wakamwacha. Yaya alinishika shingo.

"Sukuma!" alipiga kelele. "Sukuma mama yako!"

Akasukuma. Mikono ile iliyoupita mtumbwi ikaanza kazi. Akampita wa nne, akampita wa tatu, akampita wa pili. Sikuandika chochote, kalamu ilikuwa imevunjika mkononi. Alipogusa, mmoja tu alikuwa amekwisha kufika.

Wa pili. Wawili wa kwanza. Yaya aliruka, akamkumbatia mwanamume asiyemjua, akamwomba radhi, akamkumbatia tena.

Mwamuzi akaja na karatasi ya mzazi kutia sahihi. Shule ingefunguliwa baada ya wiki moja. Mtoto angeweza kurudi kwetu Nchelenge kwanza kuaga, kisha kuja tena, au kubaki na wenzake tangu siku hiyo. Nilimwona yaya akimtazama binti yake, aliyekuwa amelowa, anatetemeka, anacheka na yule msichana wa njia ya jirani, ambaye alikuwa anamwonyesha namna ya kujikunja.

"Mudogo," alisema, "nilisema safari ngapi?"

"Moja, yaya."

"Mi sibadilishe neno. Akirudi nyumbani kisha akuye tena, itakuwa mbili." Akachukua kalamu ya mwamuzi. "Basi abakie."