Mfereji Uliokauka Mvua Ikinyesha

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, maana mvua ya Kigali ikipiga mabati sauti yangu haifiki mbali. Hapa Batsinda vijana huniuliza treni ni kitu gani hasa, kwa kuwa hawajawahi kuipanda. Mimi nimekula mshahara wa reli tangu ujana hadi kustaafu, huko Tanzania nilikozaliwa na wazazi wakimbizi kutoka Rwanda hii ya vilima. Nitawaeleza, ila itabidi nianze na mfereji.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo. Nilikuwa nimeingia genge, yaani kikosi kinachotunza kipande kimoja cha njia: kukaza boliti, kubadilisha mataruma ambayo reli hulalia, kushindilia kokoto. Stesheni yetu ilikuwa ndogo, chini ya milima, na mbele yake reli ilipita kwenye mkato, mahali kilima kilipochongwa ili treni ipate njia. Mkuu wa genge, ambaye sote tulimwita Mnyapara, alinipandisha mpaka juu ya mkato huo.

"Mtu wa Vilima," aliniita, na jina likanikaa, ingawa nilizaliwa Tabora, nchi tambarare kama sinia. "Huu ndio mfereji wa kukingia. Maji yakishuka kutoka kileleni yanakamatwa hapa, yanapelekwa pembeni hadi kwenye kalvati, lile bomba linalopita chini ya reli. Yasipokamatwa yanazama ndani ya kilima. Na kilima kikishiba maji?"

"Kinateleza, mzee."

"Kinakuja kulala juu ya reli. Haya, chimba."

Wenzangu waliokuwa chini wakapiga kelele: "Mtu wa Vilima, tupandie na mahindi hukohuko!"

Nilihamishwa stesheni moja hadi nyingine, kisha nikarudi palepale nikiwa mkaguzi wa njia, mtu anayetembea kwa miguu juu ya mataruma kila siku akitafuta kasoro. Mnyapara nilimkuta, amezeeka kidogo. Kilima ndicho kilichobadilika. Miti ilikuwa imekatwa na nyumba zimepanda hadi kileleni. Anayejenga mteremkoni hukata kilima kwa nyuma ili apate kiwanja, na udongo anaoutoa huumwaga mbele. Na mbele ya nyumba hizo palikuwa na mfereji wetu. Halafu kila bati linamwaga maji mahali pamoja, mahali ambapo zamani majani yaliyanywa polepole.

Hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Walitupa chai. Aliyekuwa karibu zaidi na ukingo wa mkato ni Mama Rehema, aliyewauzia abiria chapati kupitia madirisha ya treni. Jiko lake lilisimama hatua chache tu kutoka kwenye mfereji.

"Treni inapita chini, mimi naishi juu," alimwambia Mnyapara. "Tunagombania nini?"

Inspekta wa Njia, bosi wetu, alikuja siku moja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, akatazama kilima kwa muda mrefu. "Msigombane nao," alisema. "Kila mkizibua mfereji, waelezeni upya. Akichoka mmoja, aeleze mwingine." Tukafanya hivyo. Tulizibua, tukaeleza, udongo ukarudi.

Ikaja siku moja ya masika. Asubuhi nilikuwa nimezibua mfereji na maji yakapita kwa nguvu. Mchana nikapanda tena. Mvua ilikuwa ileile, lakini mfereji ulikuwa mtupu, mawe yanang'aa chini. Nikaufuata kwenda juu hadi nyuma ya jiko la Mama Rehema. Ardhi ilikuwa imepasuka, ufa mrefu wa kuingia mkono, na maji yote yalikuwa yakizama humo. Na treni ya abiria ilikuwa imeshatoka stesheni ya jirani, inakuja kwetu.

Nilishuka mbio nikamwambia Mnyapara. Hakuuliza mara mbili. Alichukua bendera nyekundu na fataki, vile vidonge vya baruti vinavyofungwa juu ya reli ili vilipuke chini ya magurudumu na kumshtua dereva. "Treni niachie mimi," alisema. "Wewe nenda kwa yule mama."

Nilimkuta akikaanga chapati.

"Mama Rehema, tokeni nyumbani."

"Nitoke niende wapi, Mtu wa Vilima? Abiria wanakuja na unga nimeshaukanda."

Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia. "Niambie kwanza, mvua inanyesha?"

"Una wazimu? Jitazame ulivyolowa."

"Basi maji ya mfereji yako wapi?"

Alichungulia nje. "Yalikuwa hapo," alisema polepole. "Nimeoshea sufuria sasa hivi."

"Yako chini ya miguu yako, mama."

Alimshika mwanawe Rehema mkono, akabeba na beseni la chapati, na wote watatu tukaenda tukigonga milango ya majirani, nao wakatoka kutufuata. Tulikuwa tumefika upande wa pili wa bonde kilima kiliposogea, kwanza taratibu kama mtu anayevuta shuka usingizini, kisha kwa pamoja. Jiko lilikwenda, nusu ya nyumba ikafuata, na reli ikapotea chini ya tope. Kisha kutoka nyuma ya kona tukasikia fataki zikilia, paa, paa, na breki.

Dereva alikuja kwa miguu, amefura. "Nani amenisimamisha na mabehewa yamejaa watu?" Akaona kilima kilipolala. Akavua kofia. "Hapa hata kiberenge hakipiti," alisema kwa sauti ndogo, akampa Mnyapara mkono.

Treni nyingine iliitwa kutoka upande wa pili. Abiria walishuka, wakazunguka tope kwa miguu, sisi tukibeba watoto na wazee mgongoni. Mama Rehema alisimama njiani na beseni lake. "Kuleni kabla hazijapoa," aliwaambia, huku yeye mwenyewe hana nyumba. Safari zilikwenda hivyo, treni mbili na mwendo wa miguu katikati, hadi tulipomaliza kuondoa tope. Yeye na Rehema walilala kwenye stoo ya genge mpaka alipojenga upya, bondeni nyuma ya stesheni. Tangu hapo aliyewaeleza wageni wa kilima ni yeye, na alikuwa mkali kutuzidi sote.

Sasa nakaa kwa binti yangu, na kazi ninayoikumbuka kwa mapenzi ni ile ya kueleza. Jirani yangu Inosenti, aliyekulia Bujumbura, anakata kilima ajenge. Juzi aliniuliza: "Muzee, nianze na ukuta ama na nyumba?"

"Anza na maji," nilimwambia, naye akaniletea kiti nimweleze.

Nawe fanya hivi. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ikiisha, panda juu ya kiwanja chako, chimba mfereji wa kukinga maji, uyafikishe kwenye ruhurura, mfereji mkubwa wa mtaa, wala usimwelekezee jirani wa chini. Mvua ikinyesha, nenda ukautazame. Ukiukuta umekauka, toa watu nyumbani kwanza, wako na wa jirani, ndipo upige simu kuomba msaada.